Mwaka Tuliosafisha Vinywa

Mwezi uliopita nilikuwa Lumbadzi nasubiri minibasi ya kurudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwanamke aliyevaa gauni la buluu alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akapiga hatua mbili kuelekea dukani, akasimama, akageuka kunitazama. Sura yake sikuijua. "Nsimire?" akaita. Nikaitika kwa mashaka, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni ya ofisi. Akacheka, kisha akafunika pua na kinywa kwa kiganja, macho yakabaki peke yake, na papo hapo nikamjua. Alikuwa Sista Tiyamike. Karibu mwaka mzima tulifanya kazi pamoja katika wodi ya korona ya hospitali moja mjini Lilongwe, na mwaka huo wote meno yake niliyaona mara za kuhesabika, maana hata wakati wa kula kila mmoja wetu alikaa kona yake akatazama ukuta. Vinywa vya watu nisiowafahamu nilivijua jino kwa jino. Cha rafiki yangu sikukijua.

Tuliketi kwenye benchi la muuza chai. Tiyamike sasa anafanya kazi Uingereza, katika nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa amerudi likizo kumwona mama yake. "Kila asubuhi naanza na vinywa," aliniambia. "Wenzangu wananiuliza nilifundishwa chuo gani. Nawaambia nilifundishwa na mkimbizi mmoja wa Bukavu." Alilisema hilo huku akikoroga chai, kama jambo la kawaida tu, nami nikainamia kikombe changu ili asinione. Minibasi ilikuja ikaondoka, tukaacha iende. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule. Haujapita muda mrefu sana, lakini kuna miaka inayomkomaza mtu kuliko mingine, na nikijitazama nilivyokuwa kabla yake naona msichana mwingine kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Jinsi nilivyofika Dzaleka sitaieleza hapa. Kila mtu wa kambi ile ana safari yake, na zinafanana kuliko tunavyopenda kukubali. Yatosha kusema kwamba nilikuwa na diploma ya uuguzi kutoka Bukavu, imeandikwa kwa Kifaransa, ndani ya bahasha ya plastiki chini ya godoro. Malawi huwezi kumshika mgonjwa kama nesi mpaka ufanye mtihani wa baraza la wauguzi, na mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, na kabla ya kuufanya sharti hospitali ikupokee na kukuandikia barua. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha wala hospitali. Sindano niliyoishika ilikuwa ya cherehani. Nilishona pamoja na kina mama wanne katika kibanda cha mabati karibu na soko la kambi, na korona ilipoingia tuliacha magauni tukaanza kushona barakoa, ambazo sisi tuliziita kashne, asubuhi hadi jioni, mpaka vidole vyetu vikanuka kitambaa kipya.

Siku moja nesi wa kliniki ya kambi alikuja mlangoni kwetu. Alisema hospitali ya Lilongwe imepiga simu. Wanaye mzee wetu mmoja, Pasta Lubunga, mtu wa mji wa Fizi kule kwetu, aliyepelekwa na ambulansi siku tatu kabla. Hajui Kichewa wala Kiingereza. Anasukuma chakula na kuvua maski ya oksijeni, nao wanadhani akili imemruka. Wanataka mtu wa kuzungumza naye, akae huko kwa muda, maana wagonjwa wengine wa kambi watafuata. Kina mama waliacha kukanyaga pedali. "Nsimire, usiende," akasema mmoja wao. "Kule bantu banaingia na miguu, banatoka mu sanduku." Nami niliogopa kama wao. Lakini nilikumbuka ile bahasha, nikajiona nina miaka hamsini na bado imelala chini ya godoro, na jioni hiyo hiyo nikaenda kuomba barua ya ruhusa ya kutoka kambini.

Mjini nilipewa chumba mtaa wa Chilinde, kwa Mama Josiane, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa na cherehani yake barazani na aliyesali kanisa moja na nesi wa kliniki. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha linalotazama bomba la maji la majirani. Mama Josiane alikuwa mwema, lakini mwema mwenye hofu. Chakula changu alikiweka juu ya kigoda nje ya mlango, nsima, yaani ugali, na dagaa wa usipa, au sombe, majani ya muhogo, siku za Jumapili, akagonga mara mbili na kuondoka haraka. Nilifungua na kukuta sahani inafuka moshi na uani hakuna mtu. Sahani hiyo ilikuwa na alama ya rangi nyekundu chini yake, isije ikachanganywa na za watoto. Sikumlaumu. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nikijiosha mpaka mikono ikapasuka.

Wodi ilikuwa jengo refu lenye madirisha pande zote mbili, vitanda vimepangwa kichwa ukutani, na sauti ya oksijeni ikipiga kama maji yanayochemka mbali. Kilichonishtua siku ya kwanza hakikuwa wagonjwa. Kilikuwa ule utupu kati ya vitanda. Katika hospitali za Malawi kila mgonjwa huja na gadiani wake, ndugu anayelala sakafuni kando yake, anayemwogesha, anayempikia na kumlisha. Kwa sababu ya maambukizi magadiani wote walikuwa wamezuiwa, nao walikaa nje ya geti chini ya jua na mabeseni na sufuria zao, wakituma chakula ndani bila kujua kama kinaliwa. Wauguzi walikuwa wachache mno. Walikimbia kutoka mtungi hadi mtungi, kutoka dripu hadi dripu, jasho likiwatiririka ndani ya magauni ya plastiki.

Pasta Lubunga alikuwa kitanda cha karibu na mlango, amegeukia ukuta. Nilimwamkia kwa Kiswahili cha kwetu, nikamwambia natoka Dzaleka, kwamba waumini wake wanamsalimu. Akageuka. Machozi yalimtoka, lakini neno halikutoka. Midomo ilikuwa imeshikana. Nikalowesha kitambaa kwa maji, nikaigusa midomo mpaka ikaachana, nikamwomba afungue kinywa. Sijasahau nilichokiona. Ulimi ulikuwa mkavu kama gome, umepasuka katikati. Kaakaa lilikuwa na utando wa kahawia. Na juu, kwenye fizi, alikuwa na kipande cha meno ya bandia ambacho hakuna aliyejua kwamba kipo, na chini yake mabaki ya chakula ya tangu alipotoka nyumbani, na kidonda.

Bukavu nilikuwa na mwalimu mmoja, sista wa kanisa, mkali kama pilipili, aliyetulazimisha kusafishana vinywa sisi kwa sisi darasani kabla hajaturuhusu kumgusa mgonjwa. Tulimchukia kwa hilo. Siku ile mikono yangu ilimkumbuka kabla yangu. Nilipata maji yaliyochemshwa na kupozwa, chumvi kidogo, shashi na glovu. Niliinua kichwa cha Pasta, nikakigeuza upande ili maji yasimpalie, nikaitoa ile bandia taratibu, nikazungusha shashi kwenye kidole na kuanza: mashavu, fizi, chini ya ulimi, kaakaa. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Nani amekuruhusu?"

Alikuwa Matroni Phiri, mkuu wa wodi, mwanamke mfupi ambaye hata ndani ya mavazi yale ya kujikinga ulimjua kwa jinsi anavyosimama.

"Hakuna, Matroni," nikasema.

"Umeletwa hapa kama nani?"

"Mkalimani."

"Mkalimani, na unatia vidole kinywani mwa mgonjwa wa korona. Akikukoholea? Akikuuma? Wauguzi wangu wawili wamelazwa wodi ya pili. Wewe ukiwafuata, mama yako nitamwambia nini?"

Jibu nilikuwa nalo kwa Kifaransa, zuri sana, lenye sababu tatu. Kwa Kiingereza nilipata maneno mawili tu: "Anaumia, Matroni." Aliniambia nimalize nilichoanza, nivue mavazi, na asubuhi nirudi kuchukua barua ya kurudi kambini. Nilitembea hadi Chilinde na sikula kilichokuwa juu ya kigoda.

Asubuhi nilimkuta Tiyamike mlangoni mwa wodi. Tulikuwa bado hatujazungumza, nilimjua kama yule nesi mrefu tu. "Vaa," akasema. "Njoo uone." Pasta Lubunga alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, maski ya oksijeni usoni, na mkononi kikombe kitupu. Alikuwa amekunywa phala, uji wa mahindi, kikombe kizima, na tangu jana hakuwa ameivua maski ila kwa kunywa. Miguuni pa kitanda alisimama Matroni, mikono amekunja.

"Mwulize kwa nini alikuwa anakataa," akaniambia.

Nikauliza. Pasta aliivuta maski kando kidogo. "Mi sikukatala," akasema. "Kinywa njo ilikuwa inakatala. Hewa yao inakausha, meno inanichoma, na hakuna mutu wa kuambia." Nikatafsiri neno kwa neno. Matroni akatazama safu ya vitanda kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kwetu bali ya kwake mwenyewe: "Oksijeni tunakumbuka. Dawa tunakumbuka. Kinywa ni kazi ya gadiani, na magadiani nimewafungia nje mimi." Akavuta kiti. "Nionyeshe. Tangu mwanzo. Unasimama upande gani?"

Nilimwonyesha, na alinihoji kama hakimu. Mgonjwa akikohoa nifanyeje? Asiyejitambua je? Mwenye damu kwenye fizi? Pale nilipokosea alinisahihisha, na alikuwa na haki. Kidole alikipiga marufuku. Tuzungushe shashi kwenye vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi. Tusimame ubavuni, kamwe tusisimame mbele ya uso. Ngao ya uso lazima. Anayekohoa kwa nguvu asubiri. Yule anayeweza kushika mswaki apewe aushike mwenyewe, hata ikimchukua nusu saa. Alipomaliza akasema barua yangu ya kurudi kambini amesahau alipoiweka.

Hivyo ndivyo ilivyoanza sinia ya vinywa. Ilikuwa sinia ya chuma yenye vikombe, vijiti, chumvi na mafuta ya kupaka midomo, nasi tuliizungusha asubuhi kabla ya uji na alasiri kabla ya zamu kubadilishana, Tiyamike upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Wiki ya pili shashi ziliisha. Niliwapigia simu kina mama wa kibanda chetu Dzaleka, wakakata pamba nyeupe vipande vya ukubwa wa kiganja, wakavishona pindo, wakavichemsha na kuvipiga pasi, wakavituma mifuko mitatu kwa ambulansi. Miswaki ilitoka getini. Matroni alitoka mwenyewe akasimama mbele ya magadiani, akawaambia: "Mnanililia kila siku mnataka kufanya kitu. Leteni mswaki, mwandike jina." Siku iliyofuata kulikuwa na beseni zima. Mingine mipya, mingine imetumika nyumbani, majina yameandikwa kwenye vipande vya plasta, na kwenye mmoja mtu aliongeza: tunakusubiri. Wanawake waliokuwa wamekaa juani kwa wiki nyingi bila kazi siku hiyo waliondoka wakitembea wima.

Sio wote waliotukubali. Kulikuwa na Mayi Nankhoma, mwalimu mstaafu, mwanamke wa heshima, aliyefunga midomo na meno kila tulipokaribia. Hakutaka uji, hakutaka maji, hakusema na mtu kwa siku nne. Daktari alisema asipokula hatutakuwa naye muda mrefu. Tiyamike alimbembeleza akachoka. Kichewa changu wakati huo kilikuwa cha sokoni, lakini nikainama karibu na sikio lake, nikasema kwa upole wote nilionao: "Tsegula pakamwa," fungua kinywa. Macho yakafunguka. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu, na kinywa kikafunguka. "Tsegulani," akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa zamani. "Kwa mtu mzima unasema tsegulani. Tsegula unamwambia mtoto." Tiyamike, mwerevu yule, alishapitisha kijiti. Mayi Nankhoma alitukazia macho, lakini hakufunga. Tulipomaliza aliomba maji, na baada ya maji akaomba kujua ni nani aliyenifundisha lugha ya watu vibaya hivyo. Kuanzia hapo kila tulipofika na sinia alinipa somo, sentensi tano, naye akafungua kinywa pale tu nilipozisema sawasawa. Alipona. Kichewa ninachoongea leo na wagonjwa, chenye adabu zake zote, ni cha Mayi Nankhoma.

Wengine hawakupona, na sitaki mtu asome hapa akadhani chumvi na pamba vilishinda ugonjwa ule. Bambo Gama, aliyekuwa dereva wa lori, alitutoka saa sita mchana, saa chache tu baada ya sisi kupita. Binti yake alikuwa getini. Matroni alinituma pamoja na Tiyamike. Binti hakuuliza mambo ya oksijeni. Aliuliza, "Alikula?" Tiyamike akamwambia alikunywa chai ya maziwa, nusu kikombe, akasema ni tamu, akasema zikomo, asante. Binti akarudia: "Alisema ni tamu." Akaenda kuwaambia wengine waliokaa ukutani, nasi tukawasikia wakipokezana neno lile mmoja baada ya mwingine. Zamani nilidhani kazi ya nesi ni kumzuia mtu asife. Siku ile nilielewa kwamba tumekabidhiwa pia siku zilizomsalia, ili chai iendelee kuwa tamu mdomoni mwake.

Nyumbani Chilinde hofu ilikuwa bado. Jumamosi moja nimelala mchana, nilisikia sauti dirishani, kwenye bomba. Jirani alikuwa anamfokea Mama Josiane. "Ule mutoto unalalisha kwako iko anatumika na bagonjwa ya korona. Utatumaliza wote." Nilingoja kusikia Mama Josiane akisema nitahama. Maji yalimiminika kwenye ndoo mpaka ikajaa. Kisha akasema, "Iko anaosha bantu kinywa. Bantu benye banashindwa hata kutema mate. We ukigonjwa, nani atakuosha? Mume wako?" Wanawake wakacheka. Jirani naye akacheka. Jioni hiyo mlango uligongwa mara mbili na hatua hazikuondoka. "Kuja ukule uani," Mama Josiane alisema. "Utakaa kule mwisho wa mkeka, mi huku mwisho. Chakula ya kula peke yako inakondesha." Alikuwa amepika sombe na haikuwa Jumapili.

Pasta Lubunga aliruhusiwa kurudi nyumbani mvua za kwanza zilipokwisha kuanza. Alitoka kwa miguu yake hadi kwenye gari, akasimama, akatuombea kwa Kiswahili, na kwa kuwa wauguzi hawakuelewa nilianza kutafsiri. Akanizuia kwa mkono. "Acha. Hii Mungu anaelewa." Akamaliza, na wauguzi wote wakaitika amina. Kisha akanigeukia akasema kitu ambacho hakuwa amekisema mbele ya mtu: siku zile kabla sijafika, alikuwa ameamua kufa. Alikuwa ameshajikabidhi kwa Mungu na kuagana na mke wake kimoyomoyo. "Nilikuona unakuja na kikombe ya maji," akasema, "nikasema basi, ngoja kwanza nikunywe."

Matroni Phiri alikuwa mtu asiyesifu. Lakini mwishoni mwa msimu wa mvua, wagonjwa walipopungua na vitanda vikaanza kuondolewa kimoja kimoja, aliniita ofisini, akaniambia nilete diploma yangu. Niliileta na ile bahasha yake. Alikisoma Kifaransa chote bila kukielewa, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, akauliza maana ya maneno mawili. Halafu akaandika barua kwenda baraza la wauguzi kwa mkono wake, kwamba hospitali inanipokea, kwamba yeye mwenyewe atanisimamia. Miezi iliyofuata nilisoma Kiingereza cha uuguzi juu ya kitanda changu Chilinde, Tiyamike akinihoji kwa simu, na Mama Josiane, ambaye hajui Kiingereza, akishika kitabu na kuhakikisha kwamba ninasema maneno mengi kama yaliyoandikwa. Nilifanya mtihani. Swali moja liliuliza hatua za kumsafisha kinywa mgonjwa asiyeweza kujihudumia. Nililiandikia kurasa mbili, na msimamizi alipokusanya karatasi bado nilikuwa nikiandika.

Nilifaulu. Kina mama wa kibanda walifunga kazi siku nzima, wakanishonea sare nyeupe wakibishana juu ya kola, na Jumatatu nikaingia wodini nikiwa nimeivaa. Haikuwa tena wodi ya korona. Magadiani walikuwa wamerudi, sakafu imejaa mikeka na thermosi na watoto wanaonyonya. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi kizee aliyepooza upande mmoja, na mjukuu wake alinisaidia kumwinua. Nilimsafisha kinywa, akanywa uji wote. Kisha Matroni akanisogezea faili la bibi na kalamu, akaenda zake. Kwa mwaka mzima kila nilichokifanya kiliandikwa na mwingine, kwa jina la mwingine, kwa sababu sheria ndivyo ilivyotaka. Nikafungua faili mpaka kwenye mstari mtupu. Halafu nikaandika, polepole, kwa mwandiko ambao ningeweza kumwonyesha yule sista wa Bukavu: kinywa kimesafishwa, mgonjwa amekula. Na chini yake nikaweka jina langu lote, na mbele ya jina, neno nesi.